Mjukuu Mkubwa ni Nani Hapa?

Shemeji yangu Gwak Hyeong-taek ana duka la miwani karibu na soko la vitunguu saumu hapa Uiseong, na kwa miaka mingi amewasaidia watu wa wilaya nzima kuona vizuri. Nayasema haya mapema ili mtu asije akasema nimemsengenya bila kutaja mema yake. Mema yake ndiyo hayo, nimemaliza.

Alizaliwa mjukuu wa kwanza wa kiume katika tawi kubwa la ukoo, na kosa hilo hakulifanya yeye, alifanyiwa. Bibi yake alimlisha tumbo la samaki, pale penye mafuta, huku wadogo zake wakinyonya mifupa. Hata kufunga kamba za viatu alikuwa hajajua, wakamvika joho na kumsimamisha mbele ya meza ya mababu, wazee wenye ndevu wakiwa nyuma yake. Tangu siku hiyo hajakubali kusimama nyuma ya mtu, hata kwenye foleni ya benki. Babu yake alimfundisha kusoma herufi za kale za Kichina, na mpaka leo huwezi kupita naye penye jiwe lililochongwa bila yeye kusimama, kukohoa, na kukusomea kwa sauti, uwe umetaka au hukutaka.

Mume wangu ni mdogo wake. Kwa hiyo mimi ni mke wa mnyonya mifupa, na kila Chuseok, sikukuu ya mavuno, mwezi unapokaribia kuwa duara, nakwenda nyumbani kwa shemeji kupika.

Mjue kazi yenyewe. Siku mbili kabla ya sikukuu tunatandika magazeti sakafuni, tunaweka kikaangio katikati, na tunakaa chini kukaanga vipande vya samaki, maboga na nyama vilivyochovywa kwenye mayai, mpaka mafuta yanaingia kwenye nywele na hayatoki kwa wiki nzima. Tunafinyanga vikate vya mchele vya nusu mwezi, tunavipika kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Tunachemsha supu ya magimbi. Wanaume wana kazi moja: kumenya bam, zile kokwa za kahawia za mlimani, na kuzichonga ziwe na pembe nzuri. Shemeji humenya kiganja kimoja, kisha hunyoosha mgongo na kuuliza kama kuna mtu anaweza kumkanda mabega.

Baada ya hapo hukagua. Hupita na mikono nyuma, kama bwana afya sokoni.

"Hivi vikate vimevimba. Nani kavifinyanga?"

"Mimi, Shemeji."

"Ndiyo maana una watoto wenye mashavu."

Kwenye meza ya mababu kila kitu kina upande wake. Matunda mekundu mashariki, meupe magharibi. Samaki mashariki, na kichwa chake kitazame mashariki. Mwaka mmoja mvua ya tufani iliingiza maji dukani, miwani ikaelea, na shemeji alifikiri siku tatu akapata sababu: Chuseok iliyopita mkewe alikuwa ameelekeza kichwa cha samaki magharibi. Alilisema mbele ya ukoo mzima. Lakini mwanawe Gyujin alipofaulu mtihani wa kuajiriwa serikalini, hakumtaja mama aliyekuwa akimwamsha mtoto alfajiri na kumpikia uji. Alisema ni Babu Mkuu. Meno ya shemeji mwenyewe yalipopona bila kung'olewa, Babu Mkuu. Lakini mafua yangu mimi, nilipougua, ni supu ya magimbi niliyotia chumvi nyingi.

Babu Mkuu ni babu mzaa babu yao, ambaye alikuwa karani wa wilaya zamani, na ukimsikiliza shemeji utadhani alikuwa mfalme aliyejishusha. Kaburi lake liko juu mlimani, ng'ambo ya shamba la matufaha.

Sasa nimtaje mke wa shemeji, Ok-bun. Mimi humwita Dada. Ni mtu wa pwani ya Guryongpo, mtoto wa mwanamke aliyekuwa akianika ngisi, na aliolewa huku milimani akiwa na miaka ishirini na sita. Tangu harusi yake hajauona mwezi wa Chuseok akiwa kwa mama yake. Mila ni kwamba mke huondoka baada ya wageni kuondoka, na kwa mke wa mjukuu mkubwa wageni hawaishi. Na wageni wenyewe ni nani? Ni dada zake shemeji, walioolewa kwingine, wanaokuja mchana huohuo kupumzika kwao. Yaani binti wa Gwak ana haki ya kwenda kwao, na binti wa mwenzao ndiye anayempakulia. Nilishawahi kuuliza hesabu hii inavyokwenda. Niliambiwa kikaangio kinaungua.

Majira ya kuchipua mwaka huu mama yake Ok-bun alianguka bafuni akavunjika nyonga. Ana miaka themanini na tisa. Siku zote alikuwa akisema kwenye simu, "Usijisumbue, kaa na wakwe zako." Safari hii, Chuseok ikikaribia, alisema neno jingine. Alisema, "Kitanda wamekisogeza dirishani. Mwezi utaonekana vizuri. Basi tu, nimekwambia."

Dada alinieleza haya tukiwa tunaosha mchele. Hakulia. Alisugua mchele ule mpaka nikamwambia utabaki unga.

Akamwomba mumewe. Nilikuwepo, nilisikia.

"Baba Gyujin, mwaka huu niruhusu Chuseok niwe kwa mama."

"Na supu nani atapakua?"

"Mimi nitapakua, Shemeji," nikadakia.

Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. "Mke wa mdogo hashiki upawa wa mke wa mkubwa. Na wewe," akamgeukia mkewe, "Babu Mkuu hali chakula cha mtu mwenye mguu mmoja mlangoni. Ananijua. Anajua roho ya kila mtu wa nyumba hii. Utamwona mama yako baada ya sikukuu, mama si anakaa tu?"

Ok-bun akasema, "Haya." Kimya kikuu kina mshindo mkuu, lakini mimi wakati ule nilisikia kimya tu, na nilikasirika usiku mzima.

Wiki mbili kabla ya Chuseok ni wakati wa kufyeka nyasi za makaburi. Mlima mzima unanguruma mashine. Mtu akiacha kaburi la babu yake na nywele ndefu, jirani wanamsema mpaka mwaka unaofuata. Kazi hii wanawake hatupandi, maana shemeji ana msemo wake: "Mwanamke hajui makaburi, atakanyaga kichwa akidhani ni miguu." Lakini mwaka huu binamu wawili walijidai migongo inauma, na reki zilibaki bila mikono. Ghafla tukajua makaburi. Mimi na Dada tukafunga vitambaa kichwani, tukabeba reki, kikapu cha chakula na chupa ya pombe ya mchele, tukapanda.

Kwanza niwaambie walivyolijua kaburi la Babu Mkuu. Mzee, yaani baba mkwe wangu, alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa akipanda na mume wangu kufyeka. Shemeji alibaki chini barabarani kulinda pombe, kwa sababu magoti yake ni ya mjukuu mkubwa. Mzee alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, wakapanda wenyewe kwa mara ya kwanza. Tufani ilikuwa imeangusha msonobari waliokuwa wakiutumia kama alama, na nyasi zilifika kifuani. Mume wangu akasema, "Kaka, mbona kama tulikuwa tunavuka bonde la pili?" Shemeji akafumba macho, akashika kifua, akatangaza: "Ni hili hapa. Damu inaniambia." Mume wangu akajaribu tena. Ndipo shemeji alipotoa swali lake, lile analolitumia kufunga kila mjadala, kuanzia mirathi mpaka bei ya tikiti maji: "Mjukuu mkubwa ni nani hapa?"

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu waliosikia ndio walioteguka.

Basi Jumapili tuliyopanda sisi tulifyeka vizuri. Mume wangu alishika mashine, sisi tukakusanya nyasi, shemeji akaelekeza kwa fimbo. Kaburi likabaki duara safi, linapendeza. Tukapanga samaki mkavu, matufaha na vikate. Shemeji akavaa koti, akamimina pombe kikombeni, akaimwaga mara tatu juu ya kilima cha kaburi, kisha akapiga magoti na kuinama mpaka paji la uso likagusa majani. Makalio yake yakiwa hewani, tukasikia sauti ya mwanamke nyuma yetu.

"He! Kumbe ni nyinyi!"

Alikuwa ajuza mfupi mwenye kofia ya shambani, kiuno kimepinda, mkongojo mkono mmoja na mundu mkono wa pili. Nyuma yake mwanawe wa makamo alikuwa anahema na mashine begani.

"Bi Tak, kutoka Ulsan," akajitaja, kama vile sisi ndio wageni. "Kila mwaka tunakuja siku chache kabla ya sikukuu, tunakuta pamefyekwa! Mimi nasema ni malaika. Huyu mwanangu anasema ni chama cha kijiji. Mwaka huu kazini kwao wamempa likizo mapema, nikamwambia twende tukamkamate malaika. Kumbe malaika mwenyewe ana tumbo!"

Shemeji akainuka, majani yamemganda pajini. "Mama, heshima. Hapa amelala Babu Mkuu wa ukoo wa Gwak, aliyekuwa karani wa wilaya."

"Hapa amelala bibi yangu, mzaa baba."

"Umepotea njia, Mama. Umri."

"Umri nini! Mimi nimecheza juu ya kilima hiki nikiwa na meno ya utotoni. Na hiyo pombe ni wewe unayeimwaga?"

"Ni ibada."

"Ibada gani! Mume wake alikufa kwa pombe, akatumbukia kwenye mfereji wa mpunga. Bibi hakutaka hata kuinusa. Akiona mlevi njiani anavuka upande wa pili. Na wewe unamnywesha kwa nguvu kila mwaka! Ndiyo maana ananijia ndotoni uso umekunjamana, nami nikadhani hapendi mchele ninaomtengea."

Mume wangu alikuwa anatazama bonde la pili. Mimi nilikuwa natazama nyasi, maana nikimtazama Dada tutaangua kicheko.

"Una ushahidi gani?" shemeji akauliza. Sauti ilikuwa imepanda kidogo.

Bi Tak akazunguka upande wa miguu ya kaburi, akachimbua udongo kwa ncha ya mundu, akang'oa majani mawili matatu, na jiwe dogo la kijivu likajitokeza, ubapa wake umejaa tope. Akalitemea mate, akalisugua kwa mkono wa blauzi. Lilikuwa na herufi za kale.

"Mimi sijui kusoma haya," akasema. "Nani anajua?"

Sote tulimgeukia mtu mmoja. Ni mtu aliyesoma mawe yote ya wilaya, aliyesoma hata mawe ya vyoo vya bustani ya hekalu. Akainama. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Mtu anayeuza miwani!

"Soma basi, Kaka," mume wangu akasema kwa upole, na mimi nikampenda upya.

Shemeji akakohoa. "Kaburi la… Bibi… wa ukoo wa Bae." Kwetu mwanamke huzikwa na jina la ukoo wa baba yake, si la mumewe.

Kwa hiyo huyu aliyesema wanawake hawajui makaburi alikuwa ameshinda miaka kumi na miwili akimsujudia mwanamke. Mwanamke mwenyewe si wa kwao, na hapendi pombe. Huyo ndiye aliyempa Gyujin kazi ya serikali. Huyo ndiye aliyeponya meno. Na huyo ndiye aliyekasirishwa na kichwa cha samaki akaleta mafuriko ya dukani, ingawa kwa kweli samaki wa Gwak hakumhusu hata kidogo.

Bi Tak, nimpe haki yake, hakuwa na kinyongo. Alikaa kwenye majani akala kikate chetu kimoja. "Nani kafinyanga? Kitamu. Bibi naye amekula vizuri miaka yote hii, ila hiyo pombe tu. Asanteni sana. Mwakani msije."

Tukavuka bonde la pili. Mume wangu alitangulia, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Babu Mkuu tulimkuta chini ya miiba na magugu ya kutambaa. Nguruwe pori walikuwa wamefukua ubavu mmoja wa kilima chake, na katikati, pale kifuani, ulikuwa umeota mti wa miiba mnene kama paja la mtu. Karani wa wilaya alikuwa anaota matawi. Mume wangu akavua kofia. Mimi kicheko chote kiliniisha, kwa sababu mzee yule hakuwa amenikosea lolote.

Dada Ok-bun alisimama mbele ya mti ule muda mrefu kuliko sote.

Mnaweza kudhani mtu akiumbuka hivyo hushuka mlima amebadilika. Shemeji alishuka akitazama viatu vyake mpaka shamba la matufaha. Hapo akasimama, akashika kiuno, na rangi ikamrudia usoni.

"Nimefikiri," akasema. "Babu Mkuu amekaa njaa miaka kumi na miwili. Hili ni jambo zito. Chuseok hii meza iwe mara mbili. Samaki wawili, nyama mara mbili, vikate gunia. Wanawake waanze siku nne kabla."

Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema. Yeye akose kaburi, sisi tukaange.

Nilifungua mdomo, lakini Dada alikuwa amekwisha kuweka reki chini. Aliiweka taratibu, meno yake yakiangalia ardhini ili mtu asikanyage.

"Baba Gyujin," akasema, "miaka kumi na miwili Babu Mkuu hajala hata punje. Duka lipo. Mtoto amefaulu. Wewe umenenepa. Hakutuuliza kitu."

"Ndiyo maana lazima—"

"Sijamaliza. Mimi miaka yote hii nimepika chakula cha mtu nisiyemjua, nikakosa kumpikia mama yangu. Samaki akitazama vibaya, ni mimi. Maji yakiingia dukani, ni mimi. Kumbe hata hukujua unampa nani. Chuseok nakwenda Guryongpo. Natangulia siku moja kabla, nikae mpaka mwezi utoke."

"Ok-bun! Mababu watasemaje?"

"Babu amekufa, anaweza kusubiri. Mama yangu hawezi."

Akashika kikapu, akaanza kushuka. Shemeji akatugeukia sisi tuliobaki, akapandisha kifua, na nikaona lile swali linakuja kinywani mwake. Lilifika kwenye meno. Mume wangu akamtazama tu. Shemeji akalimeza, na nadhani lilikuwa na miiba.

Wikiendi iliyofuata wanaume walikata mti na kurudishia udongo kilima cha Babu Mkuu. Shemeji alielekeza kwa fimbo, hilo halikubadilika. Siku moja kabla ya Chuseok, Dada alipanda basi akiwa na mkoba mmoja na kikapu cha vikate, vile vilivyovimba, vya kwangu. Mumewe alisimama kwenye mlango wa duka akijifanya anafuta kioo. Alimwambia, "Usisahau koti, pwani kuna upepo." Nadhani alikuwa anaomba msamaha. Kama siyo, basi alikuwa anaongelea upepo.

Asubuhi ya sikukuu mimi nilikaanga kiasi, si mara mbili, wala hakuna aliyethubutu kuhesabu. Supu nilipakua mwenyewe, na upawa haukunikataa. Dada zake shemeji walipofika na kukuta hakuna wa kuwapakulia, walijipakulia, mmoja akaungua kidole. Meza aliipanga shemeji kwa mikono yake, kwa mara ya kwanza maishani. Miaka yote alikuwa akipiga kelele kuhusu meza bila kugusa sahani, na kumbe kupiga kelele ni kazi nyingine kabisa. Matunda alipatia. Samaki alimweka, akarudi nyuma, akaridhika, akavaa joho.

Kichwa kilikuwa kinatazama magharibi.

Mume wangu aliona. Mimi niliona. Tuliinama sote kwa adabu. Mjukuu mkubwa ni nani hapa?

Mwezi ulipotoka nilimpigia Dada simu nikiwa uani, nikamsimulia habari za samaki. Alicheka mpaka akakohoa, na kwa nyuma nikasikia sauti nyembamba ya ajuza ikiuliza kwa hofu, "Nani huyo? Wanakuita urudi?"

"Hapana, Mama," Ok-bun akasema. "Hakuna anayeniita. Kula."